Kopo la Biskuti na Jina la Mwanamke: Kutafuta Nyaraka za Watu Wetu Maskati

Barua ilikuwa ndani ya kopo la biskuti, chini ya pasipoti mbili zilizokwisha muda, risiti za ada ya skuli na picha moja ya harusi iliyopigwa Unguja kabla ya 1964. Nyumba yenyewe iko Sib, magharibi ya Maskati. Mwenye nyumba ni bibi mzaliwa wa Unguja ambaye Kiarabu chake, baada ya zaidi ya miaka arubaini ya kuishi Oman, bado ni cha sokoni na cha kwenye msala. Mjukuu wake, aliyesomea Kiarabu hadi chuo kikuu, alikuwa akipanga karatasi za ukoo ili azipeleke kusajiliwa. Aliishika ile barua, akaigeuza juu chini, akasema: "Bibi, hii haisomeki. Mistari ya juu ni salamu za Kiarabu, lakini huku chini herufi ni za Kiarabu na maneno siyo." Akaiweka upande wa karatasi za kubaki nyumbani. Bibi akanitazama mimi, mgeni wake. "Hebu jaribu wewe, mwanangu."

Nilisoma kwa kugugumiza, nikikosea kila baada ya maneno mawili. Herufi niliziona mimi, lakini aliyeisoma barua ni yeye. Nilipotamka "baba ya mito" alicheka. "Pamba, mwanangu. Pamba ya mito. Anasema amepeleka pamba ya mito." Kuanzia hapo tuligawana kazi: mimi natoa sauti, yeye anatoa maana, na kijana anaandika. Ukurasa mmoja ulituchukua alasiri nzima, mpaka magharibi ikaadhiniwa.

Kosa langu la baba na pamba lina sababu yake. Kwa karne kadhaa Kiswahili kiliandikwa kwa hati ya lugha isiyokuwa na sauti zake zote. Kiarabu hakina p wala v, hakina ch, hakina mb wala nd wala ng', na irabu zake fupi ni tatu tu. Mwandishi wa zamani hakusumbuka: herufi ya be ilibeba b, p na mb kwa pamoja, fe ikabeba na v, ghaini ikabeba g na ng, naye msomaji, kwa kuwa lugha ni yake, akajaza yaliyobaki. Mafundi wa Mombasa walijaribu kuitengeneza hati hiyo, miongoni mwao Muallim Sikujua katika karne ya 19 na baadaye Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyeitumia kuandikia gazeti lake la Sahifa mwaka 1930. Lakini mtu anayemwandikia ndugu yake habari za nyumbani hakungoja mageuzi ya mafundi. Aliandika alivyofundishwa chuoni, mara nyingi bila ya kutia irabu, akitanguliza salamu ndefu za Kiarabu kama adabu ya barua ilivyotaka, kisha akashuka kwenye Kiswahili kusema alichokuwa nacho moyoni.

Kwa hiyo waraka wa aina hii una sura mbili. Mwarabu asiyejua Kiswahili huona salamu anazozijua, halafu huona vurugu. Mswahili wa leo, aliyesomeshwa kwa herufi za Kirumi, huona Kiarabu tu tangu mwanzo hadi mwisho na humpelekea Mwarabu. Baina ya wawili hao barua hurudi ndani ya kopo.

Mtafiti anayefika Maskati kutafuta historia ya jamii, namaanisha namna watu walivyoishi, walivyokopa, walivyooana na walivyozikana, atakuta milango zaidi ya mmoja. Mkubwa ni wa Mamlaka ya Taifa ya Nyaraka na Kumbukumbu, iliyoundwa chini ya sheria iliyotolewa kwa Amri ya Kisultani namba 60 ya mwaka 2007. Kazi yake ya kwanza ni nyaraka za serikali, lakini imekuwa ikiwahimiza pia raia walete karatasi za majumbani zisajiliwe, zitibiwe na kupigwa picha, na imekuwa ikirekodi masimulizi ya wazee. Miswada ya fiqhi, tiba, nyota na mashairi ina hifadhi yake katika wizara inayosimamia utamaduni. Na hapo hapo Sib ipo maktaba ya Sayyid Muhammad bin Ahmad Al-Busaidi, inayojulikana sana kwa wanaotafiti Uibadhi.

Milango hiyo nimeitaja kwa haraka kwa sababu kuijua si kazi kubwa. Kazi inaanza unapoulizwa: unatafuta nini, na kwa jina gani?

Hifadhi yoyote hupanga karatasi kwa kufuata aliyeziandika au aliyezimiliki. Jalada ni la wizara fulani, la kadhi fulani, la shekhe wa kabila fulani. Aliyetajwa ndani, bila ya kuandika wala kumiliki, hana jalada lake. Hili si kosa la Oman. Ndivyo zilivyo hifadhi za London na za Mumbai, na ndivyo ilivyo ile ya Kilimani, Unguja. Lakini kwa watu wa pwani yetu lina uzito wa pekee, maana waliotajwa tu ni wengi kuliko walioandika. Tena dola yenyewe ilikatwa vipande viwili. Sayyid Said bin Sultan alitawala Maskati na Unguja kwa pamoja hadi alipofia baharini mwaka 1856. Mwaka 1861, kwa hukumu ya Lord Canning, Gavana Mkuu wa India, kila upande ukapata sultani wake, na Unguja ikatakiwa kuilipa Maskati riale 40,000 kwa mwaka. Mgawanyo wa dola ukawa mgawanyo wa makaratasi. Ndugu wa tumbo moja, mmoja akiwa Ibra na mwingine Malindi ya Unguja, wakaanza kuandikwa katika madaftari ya serikali mbili.

Ndiyo maana anayetaka kuzijua nyumba za Maskati hana budi kufika Kilimani. Huko kuna madaftari ya hati za mashamba, nyumba na mikopo, mengi yakiwa ya Kiarabu, na humo ndimo mtu wa kawaida anapojitokeza zaidi kuliko mahali pengine popote ninapopajua. Hati iliyozoeleka kupita zote ni ya bei ya khiyari. Mwenye shamba "anamuuzia" mkopeshaji shamba lake kwa kiasi fulani, kwa sharti kwamba akirejesha fedha zile katika muda waliokubaliana shamba ni lake tena. Katikati ya muda huo hubaki ndani ya shamba lile lile kama mpangaji na hulipa kodi. Riba ilikatazwa. Kodi ya shamba haikukatazwa. Mafakihi walijadiliana sana juu ya halali ya jambo hili, na wafanyabiashara hawakungoja wamalize. Thomas McDow, katika kitabu chake Buying Time cha mwaka 2018, na Fahad Bishara katika A Sea of Debt cha mwaka 2017, wamezitumia hati za namna hii kuonyesha jinsi deni lilivyowaunganisha watu wa bara la Afrika, wa visiwani na wa vijiji vya ndani ya Oman.

Mimi huvutiwa na hati hizo kwa jambo dogo zaidi: namna karani alivyoandika majina. Mtu mwenye ukoo aliandikwa jina lake, la baba yake, pengine la babu yake, na nisba ya kabila mwishoni. Aliyekuwa mtumwa akaachwa huru aliandikwa jina moja, kisha jina la aliyemwacha huru: fulani, hadimu wa fulani bin fulani wa kabila fulani. Majina yenyewe unayatambua mara moja, ya kheri, ya vito na ya manukato: Mabruki, Feruzi, Zafarani. Lakini angalia kwamba mtu huyo yumo. Anauza, ananunua, anakopa, anaweka rehani kibanda chake. Ukimtafuta kwa nisba humpati, kwa kuwa hana. Ukimtafuta kwa jina lake pekee utapata mamia. Unampata kwa kumtafuta bwana wake, na kwa kila hatua unayomkaribia, unarudia kumuandika kama karani alivyomuandika. Sijui mtafiti mwaminifu asiyekereka na jambo hilo.

Wanawake ni shida zaidi, na hapo narudi kwenye kopo.

Barua ile iliandikwa Unguja mwaka 1328 wa Hijria, mwaka ulioanza Januari 1910. Mwandishi ni mwanamke, anamwandikia kaka yake aliyekwenda Sharqiya ya Oman kwa mambo ya urithi. Anamweleza mavuno ya karafuu, deni la Muhindi, pamba ya mito aliyoipeleka kwa jahazi. Kisha, mistari mitano kabla ya mwisho, anasema kwamba mama fulani ametoka nyumbani na amehamia Ng'ambo kwa watu wake, kwamba hana neno na mtu, na kwamba yeye mwandishi humpelekea chakula siku za Ijumaa. Huyo mama ana jina moja tu, la manukato. Sitaliandika hapa, kwa kuwa yaliyo ndani ya kopo si yangu kuyatangaza.

Nilipolitamka, bibi alinyamaza kwa muda. Kijana aliuliza mara mbili ni nani huyo. Katika nasaba ya ukoo iliyotundikwa ukutani, kwa hati nzuri ndani ya fremu, babu yake bibi amezaliwa na mtoto wa ami wa baba yake. Bibi alisema taratibu kwamba alipokuwa mdogo alikatazwa kumuuliza babu yake habari za Ng'ambo.

Dikrii ya Unguja ya Aprili 1897, iliyofuta hali ya utumwa kisheria, haikuwagusa masuria. Mtumwa mwingine aliweza kwenda mahakamani kuomba uhuru, bwana wake akadai fidia, na madai hayo yakaandikwa. Suria alihesabiwa kuwa wa ndani, mfano wa mke, na hali yake iliachwa kama ilivyokuwa hadi dikrii ya 1909. Huruma hiyo kwa mabwana ina matokeo yake katika hifadhi za leo. Wanaume waliochimba mitaro na wanawake waliochuma karafuu wana mistari yao katika madaftari ya serikali, hata kama ni ya kufedhehesha. Elisabeth McMahon ameandika kitabu kizima juu ya Pemba, mwaka 2013, kwa kutegemea sana kumbukumbu za mahakama. Suria hana. Kwa sheria ya dini, mtoto aliyemzalia bwana wake ni huru na huchukua nisba ya baba, na mama mwenyewe huwa huru bwana anapofariki. Hapahitajiki hati. Basi hakuna hati. Mtoto anaingia katika nasaba kwa heshima zake zote, na mama anatoka.

Katika jumba la kifalme jambo hili halikufichwa. Watoto wa Sayyid Said walizaliwa na masuria, na binti yake Salme, aliyekuja kuitwa Emily Ruete, alimweleza mama yake Mcherkesi bila ya haya katika kumbukumbu zake zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886. Mtoto wa mfalme hapungukiwi. Nyumba za kawaida ndizo zilizojifunza kunyamaza, na zilinyamaza zaidi zilipohamia mahali ambapo mtu hujulikana kwanza kwa kabila lake.

Uhamaji huo wasomaji wengi wa makala haya wanaujua kwa kuuishi au kwa kuusikia. Baada ya mapinduzi ya Januari 1964 Wazanzibari wenye asili ya Oman walitawanyika Dar es Salaam, Mombasa, Cairo, Dubai, Kuwait na London. Sultan Said bin Taimur hakuwafungulia mlango kwa wepesi. Baada ya Julai 1970, Qaboos aliposhika utawala na kuwaita Waomani walioko nje, walirudi kwa maelfu, wengine kutoka bara, hata Rwanda, Burundi na Kongo. Nathaniel Mathews ameyachambua hayo katika Zanzibar Was a Country, kitabu cha mwaka 2024. Miaka mingi kabla yake, mwaka 2010, Harith Ghassany alitoa kwa Kiswahili Kwaheri Ukoloni, Kwaheri Uhuru!, kitabu kilichojengwa juu ya sauti za watu. Hapa Maskati warejeaji waliitwa Wazanzibari, ingawa wengine hawakuwahi kuiona Zanzibar. Kiswahili kilikuwa alama yao, na kwa watoto wao mara nyingine kilikuwa kitu cha kuachwa mlangoni. Kwa hiyo lugha ya barua ile na jina lililomo ndani yake vina siri ya aina moja, vyote viwili vikiuliza mama wa nyumba hii alikuwa nani.

Nasisitiza hili kwa sababu yako mazoea ya kudhani kwamba karatasi za Waomani ni za Kiarabu, na kwamba Kiswahili kilikuwa cha mdomo tu, cha jikoni. Hamed bin Muhammad Al-Murjebi, yaani Tippu Tip, alipotaka kuandika maisha yake aliyaandika kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, na Heinrich Brode akayachapisha Ujerumani mnamo 1902 na 1903. Kama Al-Murjebi aliandika hivyo, dada wa mtu aliyeko Sharqiya aandike kwa lugha gani? Maoni yangu ni kwamba waraka wa Kiswahili cha herufi za Kiarabu unastahili kuandikwa katika faharasa kwa lugha yake, si kuitwa Kiarabu kibovu wala kuachwa kwenye fungu la visivyosomeka, na kwamba kazi hiyo haiwezi kufanywa na mtu mmoja. Inahitaji mwenye macho na mwenye masikio wakae meza moja. Wenye macho wanaweza kusomeshwa wakati wowote. Wenye masikio ya Kiswahili cha Unguja cha kabla ya vita vya pili wanapungua kila mwaka.

Mtu atauliza: na hifadhi za Waingereza? Zina mengi, na sehemu yake haihitaji hata safari. Majalada ya uwakala wa Kiingereza wa Maskati yamo katika Maktaba ya Uingereza, ndani ya kumbukumbu za Ofisi ya India, mfululizo R/15/6, na mengi ya Ghuba yanasomeka bila malipo katika Maktaba ya Kidijitali ya Qatar iliyofunguliwa mwaka 2014. Barua za Wizara ya Mambo ya Nje kuhusu Maskati ziko Kew, katika FO 54. Nyingine zimebaki Mumbai, kwa kuwa hapo zamani balozi wa Unguja aliwajibika kwa serikali ya Bombay pia. Katika majalada ya Bushire, R/15/1, kuna maelezo ya watumwa wa Ghuba walioomba hati za uhuru katika nusu ya kwanza ya karne ya 20: jina, umri, mahali pa kuzaliwa, aliyemchukua na aliyemuuza. Matthew Hopper ameyatumia katika Slaves of One Master, mwaka 2015, kueleza kazi za mitende na za kupiga mbizi. Wapo humo waliozaliwa pwani yetu. Lakini utafute kwa masikio ya karani wa Kiingereza, au wa Kihindi aliyemwandikia. Usiandike Mswahili peke yake. Jaribu Suaheli, Sowaheli na Zanzibari. Mrima na Kilwa huandikwa kwa namna tano. Na yule anayesimulia alisimulia kwa Kiarabu au kwa Kiswahili, akafasiriwa, akafupishwa, akawekwa alama ya kidole gumba. Sauti yake imo, ila imepita mikono mitatu.

Barua ya kopo ilipita mkono mmoja tu, wa mwanamke aliyempelekea chakula mwanamke mwenzake.

Kijana alikuwa na wasiwasi. Alisema atazipeleka karatasi zote isipokuwa hiyo, kwa sababu zikishasajiliwa zitasomwa na watu, na watu wana midomo. Sikumjibu. Si ukoo wangu, na mtafiti anayewasukuma watu watoe siri za nyumbani kwao ili yeye apate tanbihi anafanya jambo baya, hata akiliita elimu. Niliuliza tu kama naweza kuinakili tarehe. Bibi ndiye aliyezungumza. Alisema babu yake alifia Oman na hakupata kurudi Unguja, na kwamba mpaka mwisho wake alikuwa akikataa kulalia mto usio wa pamba. "Mimi nilidhani ni maringo ya uzee," alisema.

Akamwambia mjukuu achukue simu yake arekodi, tuisome barua tena tangu mwanzo, salamu na yote. Mara hii haikutuchukua hata robo saa. Kisha akataka bahasha mpya, na kijana akaandika juu yake kwa Kiarabu na kwa Kiswahili: tarehe, mji, mwandishi, lugha. Alipofika kwenye watu waliotajwa aliandika jina la yule mama, akaongeza neno bint, akasita.

"Niandike bint Abdallah?" aliuliza. "Ndivyo wanavyoandikwa wasiojulikana baba zao."

"Baba yake alikuwa na jina lake," bibi akasema. "Acha nafasi."

Akaacha nafasi, yapata upana wa vidole viwili, akaendelea na mstari wa chini.